Lebo za Bi Nyuzi

Mtaani walimwita Mistari, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyopimwa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: kuchukua namba na kuigeuza mistari. Ile mistari myeusi, miembamba na minene, iliyo ubavuni mwa boksi la sabuni au nyuma ya pakiti ya chumvi, ambayo wenye vitabu huiita msimbopau na sisi wengine wote tunaiita bakodi, wengi hudhani inajiotea yenyewe kiwandani. Haioti. Kuna mtu mahali fulani ameketi mbele ya kompyuta akaandika programu ya kuichora, na katika mji ule mtu huyo alikuwa yeye.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la matairi. Ulipanda ngazi za chuma zilizolia kila hatua, ukaingia chumba kimoja kirefu chenye meza tatu, feni moja, na printa ya lebo iliyokuwa ikikohoa kabla ya kutoa kitu. Harufu ya mpira ilipanda kutoka chini ikaingia hata kwenye chai. Wateja walikuwa maghala, maduka, na maktaba moja iliyokuwa na vitabu vingi kuliko wasomaji. Meneja alikuwa mtu wa kusifu kwa maneno machache. Kila kazi ikikamilika alisema, "Inasoma?" Mistari akijibu, "Inasoma," basi, biashara imeisha.

Nyumbani alikuwa na mke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Nyuzi, kwa kuwa alikuwa fundi wa kudarizi. Walikutana kwa ugomvi. Alipokuwa bado karani wa ghala, Mistari alipeleka mashati ya kazini yadariziwe jina la kampuni mfukoni, na yaliporudi herufi moja ilikuwa imekosewa kwenye mashati yote. Alikwenda na shati mkononi, uso umekunjwa. Yule binti aliyekuwa nyuma ya cherehani alitazama shati, akatazama kikaratasi alichoandikiwa, akasema, "Mwandiko huu ni wako?" Ulikuwa wake. Alipotoka pale alikuwa amesahau mashati. Watani wa mtaa walipenda kusema, "Mume mistari, mke nyuzi, wakijaliwa mtoto aitwe Kitambaa." Walijaliwa binti mmoja, wakampa jina la maana zaidi, akakua, akaolewa mbali, akabaki kuwa sauti ya simu ya kila Jumapili.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya Bi Nyuzi. Cherehani ilikaa dirishani, na ukutani palikuwa na rafu alizozitengeneza Mistari mwenyewe, zimejaa vibiringo vya nyuzi kuanzia sakafuni hadi darini. Kijani peke yake kilichukua rafu mbili. Mistari alipouliza kwa nini mtu mmoja awe na kijani cha aina zote hizo, mkewe alimwambia, "Wewe huko kwako sita na saba ni kitu kimoja?"

Ugonjwa uliingia kwa mlango wa nyuma. Siku moja Bi Nyuzi alimwomba mumewe amletee kibiringo cha kahawia, akaletewa, akasema ameletewa cheusi. Mistari alikiinua dirishani. Kilikuwa kahawia kama ganda la kahawa. Walibishana kidogo kwa utani, kila mmoja akimwambia mwenzake amezeeka. Baada ya hapo alianza kuwauliza wateja, kana kwamba anawapima, "Na wewe hii unaiona rangi gani?" Maumbo aliyaona bado. Sindano aliitunga. Lakini rangi zilikuwa zinamtoka moja moja kama wageni wanaoaga mapema, hadi siku alipomwambia mumewe, huku ameshika kikombe, "Kila kitu kimekuwa na rangi ya hii chai."

Daktari wa macho alimmulika, akampitisha kwenye mashine mbili, akawaita wote wawili ndani. Akasema jicho lenyewe halina neno. Kinachochoka ni neva, ule mshipa unaotoa habari jichoni na kuzipeleka kwenye ubongo. Rangi hutangulia kupotea. Mengine huweza kufuata.

"Dawa yake?" Mistari aliuliza.

"Tutaifuatilia."

"Naelewa, daktari. Lakini kufuatilia ni kutazama. Mimi nauliza cha kufanya."

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimjibu maswali yake yote, na yalikuwa mengi: kama inaweza kuunganishwa, kama kuna njia ya kuipitisha pembeni, kama kuna kifaa. Mwisho alivua miwani akasema, "Mzee wangu, kama ingekuwa waya ningekupa bisibisi uingie mwenyewe."

Bi Nyuzi ndiye aliyecheka. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya barabarani.

Mtu asiyeweza kufanya linalotakiwa hufanya analoliweza. Siku chache tu baadaye Mistari alirudi kutoka kazini na mkoba umevimba karatasi za lebo. Alikaa mbele ya mkewe, akakohoa kidogo kama printa yake, akamweleza. Kila kibiringo kitapewa namba. Namba itageuzwa bakodi. Ataielekeza simu kwenye lebo, programu itasoma namba, itaitafuta, kisha itamtamkia rangi.

"Itanitamkia kwa sauti ya nani?"

"Ya mashine. Zipo sauti nyingi, unachagua."

"Sitaki mwanamke mwingine ndani ya nyumba hii," Bi Nyuzi alisema. "Tamka wewe."

Ikabidi atamke yeye. Alijifungia chumbani na madirisha yamefungwa, akazisoma rangi zote mbele ya simu kama mtoto anayekariri shairi. Dada mdogo wa Mistari, mjane aliyekaa chumba cha uani, na ambaye nyumba nzima ilimwita Wifi kwa kuwa ndivyo Bi Nyuzi alivyomwita, alisimama nje ya mlango amejiziba mdomo kwa khanga. Kwenye neno "waridi bichi" kicheko kilimponyoka, kikaingia kwenye rekodi, na Mistari akakataa kurudia. Tangu siku hiyo kila Bi Nyuzi aliposhika kibiringo cha waridi bichi, simu ilisema rangi na kucheka.

Aina ya bakodi aliyoichagua ilikuwa ileile aliyoizoea ghalani, ya tarakimu tupu. Ni aina ya zamani na haina makuu. Tarakimu hukaa mbili mbili, kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja: wa kwanza anaandikwa kwa mistari myeusi, wa pili anaandikwa kwa nafasi nyeupe zilizobaki katikati ya mistari ya nduguye. Haipotezi hata unywele wa karatasi, na kwa hiyo namba nzima iliweza kuenea kwenye lebo fupi ya ubavuni mwa kibiringo. Alianza na nyuzi zinazotumika sana, akazipa namba fupi za tarakimu mbili. Zilipokwisha namba hizo akaendelea na za tarakimu nne. Alibandika mpaka vidole vikanata. Wifi akamwambia, "Kaka, usinisogelee, nitaamka na mimi nina bei."

Na ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Kwa miezi kadhaa karakana ilirudi kuwa karakana. Mistari akiwa kazini, Bi Nyuzi alikaa na simu mapajani, anainua kibiringo, anasikia, "Buluu ya bahari," anakitunga. Alidarizi nembo za wanafunzi, vitambaa vya meza, mifuko ya mashati. Wateja wapya hawakujua lolote. Mistari akipanda zile ngazi za chuma asubuhi alikuwa akipanda kwa wepesi, na meneja aliwahi kumuuliza kama ameongezewa mshahara bila yeye kujua.

Ndipo akaja mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye vyumba vingi na ndoto nyingi zaidi, na alitaka foronya za vitanda vyake vyote zidariziwe msururu wa majani ukingoni. Majani ya kijani, aina moja, kila foronya. Alirudia mara mbili, "Kijani cha jani, siyo kile cha chupa." Bi Nyuzi alimwambia asiwe na wasiwasi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule, na alitaka aifanye peke yake, mwanzo hadi mwisho. Wifi alipotaka kumsaidia kuchagua nyuzi alimfukuza kwa mtindo wao wa siku zote. "Nenda kajisuke. Mimi nina mtu wangu ananiambia."

Foronya zilipanda pembeni ya cherehani siku hadi siku. Mistari aliziona zimekunjwa, kitambaa cheupe juu ya cheupe, darizi ikiwa ndani. Hakuzikunjua. Kila alipojiuliza baadaye kwa nini hakukunjua hata moja, jibu lilikuwa kwamba zilimfurahisha zikiwa vile zilivyo.

Jumamosi moja, kabla ya chakula cha mchana, Wifi aliingia karakana kumsaidia kuzipanga zipelekwe. Mistari alikuwa barazani anatengeneza mguu wa kiti. Alimsikia dada yake akiongea, akiongea, kisha hakumsikia tena. Wifi kunyamaza kabla hajafika mwisho wa sentensi lilikuwa jambo geni kiasi kwamba Mistari aliweka nyundo chini.

Alipoingia, dada yake alikuwa amezikunjua foronya tatu juu ya meza. Majani yalikuwa yamedariziwa kwa ustadi wa ajabu, kila mshipa mahali pake, kila ncha imechongoka. Yote yalikuwa ya zambarau.

"Mbona mmenyamaza?" Bi Nyuzi aliuliza. Alikuwa ameketi kitini pake, uso ameuelekeza katikati yao. "Kuna doa?"

Wifi alimtazama kaka yake.

"Mnaniona sioni rangi, sura zenu naziona. Semeni."

"Wifi yangu," dada yake alisema, akimsogelea na kumshika bega, "hili jani... hili jani uliliwekea uzi upi?"

"Kijani cha jani. Kibiringo hiki hapa." Alikishika bila kukitafuta, kilikuwa bado juu ya cherehani, kimebaki kidogo. Akainua simu, akaielekeza. Na Mistari akajisikia mwenyewe akisema, kwa sauti ya wazi, ya upole, ya mtu mwenye uhakika, "Kijani cha jani."

Kibiringo kilikuwa zambarau.

Bi Nyuzi aliwasikiliza walivyonyamaza, na alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wote wawili. Aliweka simu chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Ni wewe uliyeniambia," alimwambia mumewe. Hakusema kwa hasira. Laiti angekuwa na hasira.

Mistari alichukua kibiringo na simu akakimbilia meza ya chumbani. Alikilaza, akaielekeza simu, ikasema, "Zambarau iliyokolea." Akarudia. Zambarau. Akarudia mara nyingi, kwa mwanga mkali na kwa kivuli, zambarau, zambarau, zambarau. Alianza kuona wazimu unamchungulia dirishani. Akarudi karakana, akampa mkewe vyote viwili, akamwomba, "Fanya unavyofanya siku zote. Usinijali mimi."

Basi akatazama mkono wa mkewe. Yeye alikuwa ameijaribu programu mezani, lebo imelala, simu imenyooka, kama skana za ghalani, zile mashine za kusomea bakodi zilizofungwa kwenye chuma. Bi Nyuzi alishika kibiringo hewani kwa mkono wa kushoto, simu kwa wa kulia, na mikono yote miwili ilikuwa inatafutana. Simu iliijia lebo kwa mshazari. Jicho la simu lilikata mistari michache ya upande mmoja, kisha likatokea juu yake, kwenye karatasi tupu ya lebo.

Akaelewa. Ile aina ya bakodi, kwa ubahili wake wote wa nafasi, haina mlango imara. Alama yake ya kuanza na ya kumaliza ni vijistari vichache tu, na katikati ya namba vinaweza kutokea vijistari vya kufanana navyo. Ukiisoma kwa mshazari unaweza kutoka na nusu ya namba ukadhani umeisoma yote. Zambarau iliyokolea ilikuwa 2714. Nusu yake ya kwanza ni 27. Na 27, kati ya zile namba fupi za mwanzo, ilikuwa kijani cha jani. Ghalani waliijua hatari hiyo na walikuwa na kinga yake: mistari miwili minene, mmoja juu na mmoja chini ya lebo, ili msomaji akitoka pembeni agonge ukuta asipate kitu. Yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha karani mpya jambo hilo. Kwenye lebo za mkewe hakuiweka, kwa sababu vibiringo ni vidogo na alitaka lebo ziwe nzuri.

Alimweleza yote hayo. Alieleza vizuri, kwa vidole, kwa mfano wa ndugu wawili kitandani. Bi Nyuzi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ilinisomea nusu," alisema.

"Nusu."

"Na nusu ikajiita nzima." Alitikisa kichwa. "Hata watu wapo hivyo."

Mwenye nyumba ya wageni alikuja Jumatatu. Wifi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, amejifunga khanga kiunoni kabisa. Ugomvi haukuja. Yule mama alizitazama foronya, akamtazama Bi Nyuzi, akatazama lebo zilizojaa rafuni, na sura ikambadilika polepole.

"Mbona nzuri tu," alisema. "Zambarau nayo ni rangi. Nitazichukua, mama. Wageni wenyewe wanalala taa imezimwa."

Alikusudia wema, na ulikuwa wema. Bi Nyuzi alishukuru, akasema hapana. Akasema atazifumua na kuzirudia. Yule mama akasema hakuna haja, Bi Nyuzi akasema haja ipo, na walipoagana mlangoni kila mmoja alikuwa ameumizwa na upole wa mwenzake.

Kufumua ni kazi ya macho kuliko kudarizi. Uzi wa zambarau na kitambaa cheupe yeye aliviona kwa mbali kama chokaa na jivu, na mshono mmoja haukutengana na mwingine. Mistari aliomba ruhusa kazini siku mbili, akaketi pembeni yake na kimkasi kidogo cha kukatia nyuzi. Mikono yake ilikuwa ya kibodi. Alikata uzi, akavuta, kitambaa kikavutika. Akakata tena, kitambaa kikachanika. Foronya ya kwanza ilitoka na matundu kama iliyoliwa na nondo. Ya pili ilitoka na michirizi ya zambarau isiyofutika. Bi Nyuzi alipitisha vidole juu yake, akagusa tundu moja, akagusa la pili, akakichukua kile kimkasi mkononi mwa mumewe, akakifunga.

"Inatosha."

"Nitajifunza. Nipe—"

"Baba, inatosha."

Alikwenda kulala mchana ule, yeye ambaye hakuwa mtu wa kulala mchana. Wifi ndiye aliyezikusanya foronya na kumpelekea mwenye nyumba ya wageni zile zilizobaki nzima, kwa mlango wa nyuma, na walichokubaliana hakuna aliyekiuliza.

Mistari alirudi kwenye kile alichokijua. Kwa wiki mbili nzima alibaki ofisini baada ya wenzake kuondoka, feni ikimpepea yeye peke yake. Alichapa lebo zote upya. Zamu hii aliweka ule ukuta juu na chini. Namba zote akazifanya za urefu mmoja, na kila namba akaiongezea tarakimu ya mlinzi mwishoni, inayopatikana kwa kujumlisha zile nyingine kwa kanuni yake, ili ikikosewa moja tu hesabu igome. Programu akaifunga kwa masharti: isipopata namba kamili, yenye mlinzi wake, isiseme rangi yoyote. Na kwa kuwa simu iliyonyamaza humwacha mtu gizani asijue kama imezimika, alirekodi maneno mengine mawili matatu: "Sijaona. Jaribu tena."

Aliibeba kazi hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Meneja alikuwa amemuuliza, "Inasoma?" naye akajibu, kwa mara ya kwanza maishani, "Haidanganyi."

Kweli haikudanganya. Wiki nzima haikutaja rangi ya uongo hata moja. Lakini macho ya Bi Nyuzi hayakuwa yakimngoja mumewe amalize kuchapa lebo. Zamani alikuwa anaiona lebo yenyewe, japo si rangi. Sasa ukungu ulikuwa umefika katikati, na kile alichokitazama ndicho kilichopotea. Lebo aliitafuta kwa kidole gumba, akaielekezea simu kwa kukisia. Programu ya zamani ingemhurumia ikampa nusu. Mpya haikuwa na huruma.

Mchana mmoja Mistari alirudi mapema. Umeme ulikuwa umekatika kule juu ya matairi. Alifika barazani, akavua viatu, na kabla hajapiga hodi alisikia sauti yake mwenyewe ndani.

"Sijaona. Jaribu tena."

Kitu kikagusa kitu.

"Sijaona. Jaribu tena."

Alisimama na kiatu mkononi. Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Bi Nyuzi alikuwa ameketi na kibiringo kimoja, anakigeuza, anakisogeza, anakirudisha, mgongo umenyooka, mdomo umebana kama enzi zile alipokuwa akitunga sindano nyembamba. Simu ilimjibu neno lilelile, kwa sauti ileile ya upole, bila kuchoka, bila kumwonea aibu. Mistari alijua pa kurekebisha. Angeweza kulegeza masharti kidogo, simu ikatae kidogo, na ikosee kidogo. Angeweza kuyabana zaidi. Kati ya uongo na ukimya hakukuwa na kitufe cha tatu.

"Sijaona," simu ilisema. "Jaribu tena."

"Hata mimi sijaona, mwenzangu," Bi Nyuzi aliijibu. Akaiweka chini.

Mistari alirudi kwenye ngazi ya baraza, akavaa viatu, akatembea hadi mwisho wa barabara, akarudi kwa kishindo ili asikike.

Mara ya mwisho walipokwenda kwa daktari, Mistari hakuuliza swali. Daktari alipomaliza kupima aliwangoja, kana kwamba amejiandaa kwa maswali na sasa yamemkosa. Alisema wazi kwamba yaliyopotea hayatarudi, na yaliyobaki hawezi kuyaahidi. Alimpa Bi Nyuzi anwani ya mahali watu wa hali yake wanakofundishwa kutembea na fimbo. Bi Nyuzi aliikunja akaitia kifuani. Njiani Wifi, aliyewasindikiza, alitafuta neno la kuwatia moyo, akalipata lile la siku zote.

"Penye nia pana njia, wifi."

"Njia ipo," Bi Nyuzi alisema. "Macho ndiyo hayapo."

Wakacheka wote wawili hadi Wifi akalia. Mistari alitembea nyuma yao amebeba mkoba wa mkewe, akitazama ardhi aone kama kuna shimo.

Binti yao alipiga simu Jumapili akataka waende kukaa kwake. Mama yake akamwambia, "Nije nijikwae kwako ilhali kwangu najua pa kujikwaa?" Baada ya hapo alianza kuigawa karakana kidogo kidogo bila kutangaza. Sindano nzuri zilikwenda kwa jirani. Vitambaa alipewa Wifi. Cherehani ilihamishwa ukutani, ikafunikwa shuka. Mistari aliona kila kitu kikiondoka na hakujua aseme nini, kwa sababu kila alilotaka kusema lilianza na "nitatengeneza".

Nyuzi zilichukuliwa na fundi wa mtaa wa pili, kijana wa kiume mwenye vidole virefu, aliyekuja na magunia mawili. Bi Nyuzi aliketi mlangoni akimsikiliza anavyozishusha rafu kwa rafu. Kijana alizistaajabia, akazitaja rangi kwa sauti bila kujua anamfanyia mtu nini: "Loo, hiki cha maji! Na hii ya udongo! Mama, hizi siku hizi hazipatikani." Bi Nyuzi alikuwa anainamisha kichwa kila rangi ikitajwa, kama anayeitikia majina ya watu anaowafahamu. Ndipo kijana akaona lebo.

"Mbona zote zina bakodi? Hizi ni za duka gani?"

Mistari alikuwa amesimama pembeni, anashika mdomo wa gunia. Alitaka kueleza.

"Za duka la mume wangu," Bi Nyuzi alisema. "Lilifungwa."

Kijana alicheka kwa adabu, akajaza magunia, akaaga. Wifi akamfungulia geti. Rafu zilibaki tupu, zikawa pana kuliko Mistari alivyozikumbuka alipokuwa akizipigilia. Pale vibiringo vilipokuwa vimesimama muda mrefu palikuwa na viduara vya gundi iliyochuruzika kutoka kwenye lebo, kila kimoja kimeshika vumbi lake. Aliloweka kitambaa kwa maji ya moto akaanza kuvisugua. Gundi ya lebo zile ni kali. Yeye ndiye aliyeiagiza hivyo, kwa ajili ya maghala yenye joto. Haikutoka. Ilijikunja tu ikawa vijinyuzi vyeusi, ikajibandika mahali pengine.

"Baba?" Bi Nyuzi aliita kutoka barazani. "Unafanya nini huko ndani?"

Aliangalia kitambaa, akaangalia rafu.

"Sifanyi kitu," alisema.

"Basi njoo ukae."

Alikwenda akaketi kwenye ngazi, chini kidogo ya kiti cha mkewe, mikono imenata. Wifi alikuwa getini bado, anamweleza jirani habari ambayo hawakuisikia vizuri, na Bi Nyuzi alikuwa ameinua uso kuelekea huko, anasikiliza.